Mtandao wa Sera na Kahawa ya Gakindu

Wataalamu wa siasa, miongoni mwao Waingereza R. A. W. Rhodes na David Marsh, huita mtandao wa sera ule ushirika wa kudumu baina ya maofisa wa serikali na wenye maslahi ambao, kwa kukutana tena na tena katika bodi na kamati, aghalabu huwa wamekwisha kuafikiana juu ya kanuni kabla Bunge halijapata habari. Na pale ushirika huo unapokuwa finyu na wenye kufungamana sana, huuita jumuiya ya sera.

Istilahi hii haifai kuchanganywa na makateli, neno lisilokauka vinywani mwa watu wa Nyeri kila bei ya kahawa ishukapo. Kateli ni watu wachache waliokula njama faraghani, ilhali mtandao wa sera hukaa hadharani, una leseni na barua zenye mhuri, na baadhi ya waliomo ni waaminifu kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo laufanya uwe mgumu kung'oka.

Mfano wa mtandao kama huo ni sekta ya kahawa: Bodi ya Kahawa ya Kenya iliundwa mwaka 1933, zama ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda mibuni ila kwa idhini adimu, ikawa baraza la walowezi na maofisa; na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipomfungulia mlango mkulima mdogo, alikuta utaratibu umekwisha kutungwa na wengine. Hata leo mama wa Gakindu, huko Nyeri, hupima kahawa yake nyekundu kiwandani, akatia risiti mkobani, akaenda zake kungoja malipo kwa miezi, huku chama cha ushirika, mkoboaji na dalali wa mnada wa Nairobi kila mmoja akikata chake.

Marekebisho hayakukosekana: Sheria ya Kahawa ya 2001, jopo la Profesa Joseph Kieyah la 2016 kuhusu sekta ya kahawa, kisha mfumo wa malipo ya moja kwa moja wa 2023. Lakini ofisi ikibadili jina, wa kwanza kuujua mlango wake mpya ni wale wale waliouzoea ule wa zamani.

Basi wewe msomaji uliye mwanachama wa ushirika, rasimu ya kanuni itakapotolewa kwa maoni ya umma, kama Katiba ya 2010 inavyotaka, iombe, isome, na upeleke maoni yako kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho.