Kutoka Bembelezi hadi Wimbo wa Taifa: Historia ya Upangaji wa Lahani ya Kipokomo

Mto Tana huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Sagana, kisha ukateremka hadi nchi ya Wapokomo. Wanafunzi wa Kenol, katika Murang'a, wanapoimba Wimbo wa Taifa wa Kenya, huimba lahani iliyopanda kinyume cha mkondo huo. Asili yake ni bembelezi ya Kipokomo. Suala la kihakiki ni hili: upangaji huo ulihifadhi nini, na uliacha nini?

Mnamo 1963 jopo la wanamuziki watano lilipewa kazi ya kutunga wimbo wa dola mpya. Wajumbe wake walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua lahani ya bembelezi, wakaitilia upatanifu wa sauti, na kuivika maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza.

Mbinu hiyo yafaa kulinganishwa na ya Joseph Canteloube wa Ufaransa, aliyeanza kuchapisha nyimbo za Auvergne mwaka 1924. Canteloube alibakiza maneno ya Kioksitani, akazungushia sauti ya mwimbaji mmoja mapambo ya okestra. Mkulima akatoweka, lugha yake ikabaki. Nchini Kenya mambo yalikuwa kinyume: lahani ilibaki, lugha ikaondoka.

Hata hivyo, maneno mapya hayakupachikwa mahali pageni kabisa. Kiswahili na Kipokomo ni lugha za kundi moja la Kisabaki. Aidha, wimbo huo hauanzi kwa majigambo ya silaha bali kwa dua. Sauti ya mama anayemsihi mtoto imegeuka sauti ya umma unaomsihi Mungu. Kwa hiyo, dai kwamba lahani ni chombo kitupu kinachopokea maudhui yoyote halina mashiko. Chombo hiki kilichagua aina ya maneno yake.

Kilichopotea ni muktadha. Bembelezi huimbwa na mtu mmoja, huku mtoto amempakata, na urefu wake huamuliwa na usingizi. Wimbo wa taifa una beti tatu zisizobadilika, na huimbwa na umati uliosimama wima. Mlezi aliyekuwa mtunzi na mtendaji hana nafasi tena.

Suala hilo si la sanaa pekee. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe kwa matumizi ya turathi zao, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Lakini malipo hayatoshi ikiwa asili haijulikani. Darasa la fasihi simulizi linalofundisha bembelezi pasipo kuutaja Wimbo wa Taifa, au kuufundisha wimbo huo pasipo kuwataja Wapokomo, huendeleza usahaulifu ulioanza pale wimbo ulipobadilisha maneno.