Ngoma ya Beni na Umoja wa Wanyonge
Wapo wanaoiona ngoma kuwa ni starehe tupu. Historia ya beni yawasahihisha. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga gwaride na matarumbeta ya wakoloni. Vita vya 1914-1918 viliisambaza: askari na wapagazi wa makabila mbalimbali waliicheza pamoja, wakiimba kwa Kiswahili. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi katika miji mingi ya Tanganyika, vyeo, na desturi ya kusaidiana. Vilishindana, wala havikukosa majivuno ya kitabaka. Hata hivyo mgeni mjini alipata ndugu wasio wa kabila lake. Hivyo wanyonge walizoea kujiongoza kabla ya TANU kuzaliwa mwaka 1954. Kada anayeidharau ngoma anadharau shule ya umma.