Mruko wa Umeme Ardhini

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, limepitishwa ardhini Singida katika wilaya za Iramba, Mkalama na Singida. Juu zinapita njia za umeme wa kilovolti 400: moja inatoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, nyingine inatoka Singida kwenda Arusha, Namanga na Kenya. Pale mkuza wa bomba na wa umeme inapokatana, mhandisi ana swali zito: radi ikipiga mnara, umeme unaoshuka ardhini unaweza kulirukia bomba?

Mafundi wetu husema “shoti” au “cheche”. Shoti ni hitilafu yenyewe, na cheche huzimika papo hapo. Vitabu vya fizikia vina “tao”, jina lililotokana na mwanga uliojipinda kati ya vijiti viwili vya kaboni kwa sababu hewa ya moto hupanda juu. Udongoni hakuna upinde wa namna hiyo. Umeme huupasua udongo na kufuata penye unyonge, ndiyo maana napendelea “mruko wa umeme”: mtu wa Kiomboi, wilayani Iramba, anayesema “umeme umeruka” tayari ameshalielewa jambo hili nusu.

Nusu ya pili ni ngumu kidogo. Bomba hufunikwa kwa ganda lisilopitisha umeme ili chuma kisile kutu. Radi inapoteremka kwenye mguu wa mnara, volti ya udongo ulio karibu hupanda ghafla, ilhali bomba lililokingwa vizuri hubaki karibu na volti ya ardhi ya mbali. Tofauti yote hiyo huliangukia ganda. Likishindwa, hutoboka, na chuma chenyewe kinaweza kuyeyuka mahali hapo. Mkondo wa gridi nao ukiifuata njia iliyofunguliwa na radi, moto huendelea mpaka swichi ya kituoni ikate. Hapa “tao” linastahili nafasi yake: mruko ni kule kuvuka, tao ni moto unaobaki umeishika njia.

Mwaka 1949 Erling Sunde alichapisha kanuni ya kukadiria umbali wa mruko kwa mita. Chukua mkondo wa radi kwa kiloampea, zidisha kwa ukinzani wa udongo kwa ohm-mita, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 0.08 ikiwa ukinzani hauzidi 100, au kwa 0.047 ukifika 1,000 na zaidi. Tuseme radi ni ya kiloampea 20. Kwenye udongo wa ohm-mita 100 tunapata mita 3.6, kwenye udongo wa 1,000, mita 6.6. Hesabu hiyo inauchukulia mkondo wote kuwa umeteremkia mnara mmoja, wakati waya wa kinga ulio juu kabisa huigawia minara jirani sehemu yake. Ni sawa: makosa ya upande wa tahadhari yanavumilika.

Kwa Singida tofauti hiyo ya udongo si ya darasani. Nchi ya mawe ya matale na mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Udongo wa mfinyanzi wa mbuga ya Wembere huupitisha kwa urahisi. Kipimo kimoja hakiwezi kutumika mkoa mzima. Kila penye makutano vichomekwe vijiti vinne vya chuma kwenye mstari, kwa nafasi sawa, kama alivyoeleza Frank Wenner mwaka 1915: viwili vya nje hupeleka mkondo, viwili vya kati husoma volti. Nafasi ikiongezwa, kipimo huingia chini zaidi. Kazi hiyo ifanywe Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, maana udongo wa Februari utatoa umbali mfupi kuliko hatari iliyopo radi za kwanza zinapopiga ardhi ingali kavu. Bomba likikutwa ndani ya umbali wa mruko, lisogezwe, au waya wa zinki uzikwe kati yake na mguu wa mnara, mruko uishie hapo.