Milimita sitini na saba

Uani kwa jirani yangu, hapa Mfaranyaki, Songea, watoto wamechimba barabara ya magari ya waya: mifereji miwili myembamba inayozunguka mwembe, imekauka ikawa migumu kama tofali. Mkubwa ndiye aliyeichimba, kwa kipimo cha gari lake. Mdogo wake alipoleta la kwake, dogo zaidi, lenye magurudumu ya ndala zilizochakaa, la kushoto liliingia mferejini na la kulia likabaki juu ya tuta la katikati. Hatua tatu tu, gari likalala ubavu.

Nilisimama pale nikaikumbuka Kidatu.

Reli zetu zilianza kwa upana wa mita moja kamili. Wajerumani waliuanza Tanga mwaka 1893, wakaurudia Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 wakafika nao Kigoma. Waingereza, waliojenga kutoka Mombasa kuanzia 1896, walitumia upana huohuo, uliokwisha kuzoeleka India. Ndiyo maana walipoiunganisha Voi na reli ya Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mabehewa yalipita bila shida, ingawa njia hizo zilijengwa na maadui.

TAZARA ilikuja na kipimo kingine. Ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia ya walowezi. Ilibidi ioane na reli za Zambia, zenye upana wa milimita 1,067. Uamuzi ulikuwa sahihi, na sioni ungekuwaje vingine. Lakini milimita 67, karibu vidole vinne vya mtu mzima, zikaiachia nchi moja reli mbili zisizoingiliana.

Gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli; huo ndio unaolishika njiani. Behewa la mita moja likipandishwa kwenye TAZARA, ukingo haupati cha kuegemea. Gurudumu litacheza huku na huku, na penye kona au makutano ya njia litaanguka. Kwa nini basi isiongezwe reli ya tatu, kila treni ishike yake? Hapo udogo wa tofauti ndio unaoponza: kitako cha reli ni kipana kuliko milimita 67, kwa hiyo reli mbili haziwezi kulazwa karibu kiasi hicho. Tofauti ingekuwa kubwa, ingewezekana.

Kwa hiyo Kidatu, zinapokutana njia hizo mbili, mwaka 1998 kilianza kazi kituo cha kuhamishia mizigo. Kontena ziliinuliwa kutoka behewa la upana mmoja na kushushwa kwenye la upana mwingine. Kongo walikuwa wameshika njia ngumu zaidi: mwaka 1955 reli ya Kalemie, iliyokuwa ya mita moja, ilipanuliwa ifikie 1,067. Wakapatana na Katanga, wakaachana na Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Sisi Songea tunayatazama haya kwa mbali. Wajerumani walifikiria reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, hawakuijenga. Waingereza walijenga ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga, ya mita moja nayo. Mpango ukafa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Stesheni yetu ya karibu ni Makambako, kama kilomita 300 kwa basi, na makaa ya mawe ya Ngaka yanasafiri kwa malori. Reli inayopangwa kutoka Mtwara kupitia Songea hadi Mbamba Bay ni ya milimita 1,435, sawa na ile iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024. Naiombea ifike. Ikifika, nitakachouliza kwanza ni mzigo wake utapokelewa wapi na reli ya upana gani.

Jioni nilipita tena uani. Mdogo alikuwa amechuchumaa kwenye mifereji na kipande cha bua la hindi, akipima kutoka mmoja hadi wa pili. Alivunja bua penye alama, akaliweka kando ya waya mpya, akaanza kuukunja.