Asili ya jina «kobalti»

Toka Tenke, pale reli ya Dilolo inapoachana na ile ya Bukama, mpaka Kolwezi, hata mutoto mudogo anajua jina kobalti. Lakini jina hilo lilitoka wapi? Halikuzaliwa kwetu, wala kwa Wafransa, wala kwa Waingereza, ingawa wote wanalitumia. Lilizaliwa Ujerumani, mu milima ya Saksonia, kwa wachimbaji wa feza.

Wachimbaji hao walikutana mara nyingi na jiwe lenye kungaa, wakalitumainia. Walipolitia mu moto, halikutoa feza wala shaba, ila moshi wenye sumu. Basi wakasema: ni kazi ya Kobold. Kobold, mu mapokeo ya Wajerumani, ni pepo mudogo mwenye kudanganya watu nyumbani na ndani ya mashimo. Wataalamu wengi wanaona kwamba jiwe lilipata jina kwake. Nikeli nayo ni ndugu yake: waliiita Kupfernickel, ni kusema shaba ya pepo Nickel, maana jiwe lake linafanana na la shaba lakini halina shaba.

Mu mwaka 1556 kilitoka kitabu kikubwa cha Georgius Agricola, aliyekuwa munganga mu miji ya wachimbaji. Mu kitabu kile kile anataja pepo wa mashimo, wanaofukuzwa kwa sala na kufunga. Tena anaandika juu ya jiwe linalokula miguu na mikono ya watu, na kuharibu mapafu na macho. Kwa jiwe hilo hakuagiza sala tu. Aliagiza viatu vya ngozi, glovu za kufika kiwiko, na kitambaa cha kufunika uso.

Karibu mwaka 1735, Georg Brandt wa Uswedi alionyesha kwamba ndani ya jiwe lile muna metali mupya. Pepo hakuonekana. Sumu ya moshi ilitoka kwa arseniki, iliyochanganyika na kobalti mu mawe ya Saksonia. Jina la pepo likabaki tu.

Jiwe leusi linalochimbwa sana Kolwezi lina jina lingine: heterogeniti. August Frenzel alilipa jina hilo mu 1872, kwa neno la Kigiriki lenye maana «la namna ingine». Lenyewe halina arseniki. Lakini vumbi lake si chakula cha mapafu, na shimo lisilo na miti ya kulishikilia linaanguka bila kuitwa na mutu.

Ndugu wakatekista, jina kobalti linatufundisha hili: pahali watu hawakujua sababu, waliweka pepo, na walipoweka pepo, hawakutafuta tena sababu. Leo, mukienda kufariji jamaa ya muchimbaji, mutasikia wanauliza: nani amemuroga? Saleni pamoja nao. Kisha muulize ninyi pia: shimo lilikuwa na miti? Hewa ilifika chini? Alifunika kinywa? Maulizo hayo yanaweza kuponyesha ndugu yake aliyebaki.