Shida za Walowezi, na Waliozibeba

Kirua Vunjo imekaa kati ya Kilema na Old Moshi. Juu kuna msitu ambao Wajerumani waliufanya hifadhi. Chini, tambarare iliyokatwa mashamba ya Wazungu. Katikati, watu wamebanana vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, na mtoto wa kiume anagawiwa kipande kidogo kuliko cha baba yake. Ukitaka kujua ulowezi ulivyokuwa Kilimanjaro, anza hapo.

Taabu za walowezi zilikuwa za kweli. Oktoba 1896 wamisionari wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Vita vya Makaburu vilipokwisha 1902, familia kadhaa za Makaburu zilihamia Meru na magari ya maksai, zikapambana na malaria, magonjwa ya mifugo na soko lililokuwa mbali. Wajerumani waliotoka Urusi wakapelekwa Leganga. Mpango ule haukudumu. Hadi reli ilipofika Moshi 1911, mazao yalishuka pwani kwa gharama kubwa.

Ila kila msiba wao ulikuwa na mlipaji. Baada ya vifo vya Akeri, Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani aliwaadhibu Wameru na Waarusha kwa moto na kupora ng'ombe. Katika jeshi lake walikuwamo wapiganaji wa Kichagga, na hilo sisi Wachagga hatulisimulii kwa fahari. Tunapenda zaidi kukumbuka 1892, Mangi (mtawala) Meli wa Old Moshi alipomshinda von Bülow, afisa Mjerumani aliyefia katika vita hivyo. Lakini tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli hapo Old Moshi, pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho na wenzao wengine.

Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, iliwasukuma wanaume kwenye mashamba ya tambarare. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa Wajerumani wengi, na mashamba yao mengi yakauzwa, mengine kwa Wagiriki. Shamba lilibadili mwenyewe, halikurudi kihambani. Walowezi wakalalamika Mchagga asilime kahawa, eti angeleta magonjwa ya mibuni. Wachagga wakajibu kwa kuunda chama chao cha wakulima 1925, kisha chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Upande wa Meru, hata 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na Mmeru Kirilo Japhet akapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa.

Makaburi ya Ovir na Segebrock yanajulikana yalipo. Ya waliouawa na Wajerumani si hivyo. Mwaka 2023, watafiti wa Berlin walitangaza kuwa vinasaba vimeyaoanisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa huku enzi za Wajerumani na jamaa walio hai; mojawapo ni la akida (msaidizi) wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe, ambacho ukoo wake unaamini kilipelekwa Ujerumani, bado kinatafutwa.