Bima ya gari: namna ya kupunguza gharama bila ya kupoteza kinga

WESHA, PEMBA – Barabara inayounganisha Wesha na mji wa Chake Chake hutumiwa kwa wakati mmoja na magari ya abiria, magari ya mizigo yanayokwenda pwani, pikipiki, vespa, baiskeli, gari za ng'ombe na wanafunzi wanaokwenda skuli kwa miguu. Katika mazingira hayo ajali haihitaji mwendo mkubwa ili ilete hasara kubwa. Dereva akimgonga mtoto au akiharibu pikipiki ya mwenzake, deni la matibabu na matengenezo linaweza kuzidi mara nyingi ada ya bima ya mwaka mzima.

Hata hivyo, wamiliki wengi wa vyombo vya moto huiona ada ya bima kuwa mzigo, hasa inapokuja pamoja na gharama za leseni ya njia, mafuta na matengenezo. Makala hii inaeleza aina za bima ya gari zilizopo, njia halali za kupunguza ada, na mambo ambayo huonekana kuwa ni nafuu lakini humwacha mwananchi bila ya kinga siku anapoihitaji.

Sheria inataka nini

Kila chombo cha moto kinachotumika barabarani, Tanzania Bara na Zanzibar, kinatakiwa kuwa angalau na bima ya mtu wa tatu, ambayo wananchi wengi huiita bima ndogo. Lengo la sharti hilo ni kumlinda asiyekuwa na sehemu katika mkataba: mpita njia, abiria au mwenye chombo kingine anayepata madhara kutokana na gari lililokatiwa bima.

Usimamizi wa biashara ya bima kwa pande zote mbili za Muungano uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayojulikana kwa kifupi TIRA, ambayo inafanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa upande wa Zanzibar, Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969 na kumilikiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ndilo kongwe katika huduma hiyo. Tangu soko la bima lilipofunguliwa kwa makampuni binafsi katika miaka ya 1990, mwananchi amekuwa na nafasi ya kulinganisha huduma kabla ya kuamua.

Aina tatu za kinga

Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara yanayowapata watu wengine pamoja na mali zao. Haitengenezi gari la aliyekata bima, wala haimlipi dereva mwenyewe aliyesababisha ajali. Mikataba mingi huweka ukomo wa fidia ya mali, na ni vyema ukomo huo ujulikane mapema.

Bima ya mtu wa tatu, moto na wizi huongeza kinga pale gari linapoungua au kuibiwa. Aina hii humfaa mmiliki ambaye gari lake si jipya lakini kulipoteza kabisa kungemwachia pengo asiloweza kuliziba.

Bima kubwa hukusanya yote hayo na kuongeza matengenezo ya gari la mteja mwenyewe baada ya ajali. Pamoja na upana wake, bima kubwa hailipi uchakavu wa kawaida. Bodi lililoliwa na kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi, matairi yaliyokwisha au injini iliyokufa kwa kukosa mafuta ya kulainisha si hasara za bima, bali ni matunzo ya mwenye gari. Kwa wakaazi wa maeneo ya pwani kama Wesha, tofauti hii ina umuhimu wa pekee.

Kuchagua kinga inayolingana na thamani ya gari

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kuuliza swali moja: gari hili likipotea leo, mwenyewe ataweza kununua jingine bila ya kukopa? Ikiwa thamani ya gari ni ndogo na mmiliki ana akiba, bima ndogo au ile inayoongeza moto na wizi inaweza kutosha. Ikiwa gari ndilo linaloendesha maisha ya familia, au limenunuliwa kwa mkopo, bima kubwa ni kinga ya kipato chenyewe, na mara nyingi mkopeshaji huiweka kuwa ni sharti.

Kutaja thamani iliyo sahihi

Ada ya bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa mfano wa hesabu, tuseme gari lina thamani ya shilingi 12,000,000 sokoni na ada ni asilimia 3.5. Ada ya mwaka, kabla ya kodi, itakuwa shilingi 420,000.

Mmiliki akiamua kutaja thamani ya shilingi 8,000,000 ili alipe kidogo, ada itashuka hadi shilingi 280,000, na atakuwa amebakisha shilingi 140,000. Lakini ikitokea ajali inayohitaji matengenezo ya shilingi 3,000,000, kampuni inaweza kulipa kwa uwiano wa thamani iliyotajwa na thamani halisi, yaani theluthi mbili tu. Mteja atapokea shilingi 2,000,000 na kubeba shilingi 1,000,000 mwenyewe. Gari likiharibika kabisa, atakosa shilingi 4,000,000.

Kutaja thamani kubwa kupita kiasi nako ni hasara. Gari hilo hilo likiandikwa shilingi 15,000,000, ada itapanda hadi shilingi 525,000, lakini fidia haitazidi thamani halisi ya soko siku ya ajali. Shilingi 105,000 za ziada zitakuwa zimelipwa bure.

Kwa vile thamani ya gari hupungua kadiri linavyotumika, mmiliki anapaswa kuipitia upya kila mwaka badala ya kunakili hati ya mwaka uliopita. Gari la mfano wetu likishuka hadi shilingi 10,500,000, ada itakuwa shilingi 367,500, ikiwa ni pungufu ya shilingi 52,500 bila ya kupoteza kinga yoyote.

Punguzo la kutodai na sehemu ya mteja

Makampuni mengi hutoa punguzo kwa mteja aliyemaliza mwaka bila ya kudai fidia, na punguzo hilo linaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo, kudai fidia ya mkwaruzo mdogo huenda kukamgharimu mteja zaidi ya rangi aliyopakiwa. Anayehamia kampuni nyingine anatakiwa kuomba barua ya kuthibitisha rekodi yake ili punguzo lisipotee.

Kila mkataba wa bima kubwa pia hueleza sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Anayekubali kubeba sehemu kubwa zaidi anaweza kupewa ada nafuu. Uamuzi huo unafaa tu ikiwa fedha hizo zipo kweli, kwani gari linaweza kubaki gereji kwa wiki kadhaa kwa kukosa kiasi ambacho mwenyewe alijiandikia.

Matumizi ya gari yaandikwe yalivyo

Jambo linalowaathiri wamiliki wengi ni kukatia gari bima ya matumizi binafsi na kisha kulitumia kuchukua abiria wa kulipa au mizigo ya watu. Ada ya biashara ni kubwa kuliko ya binafsi kwa sababu gari la biashara hukaa barabarani muda mrefu zaidi na hubeba watu wengi zaidi. Gari lililoandikwa la binafsi likipata ajali huku likiwa na abiria wa nauli, kampuni inaweza kukataa kulipa, au ikalipa waathirika na kumdai mwenye gari kiasi hicho.

Hali hiyo huweza kujitokeza zaidi katika msimu wa karafuu, ambapo magari ya nyumbani hutumika kusafirisha wachumaji na mazao. Mmiliki anayejua kwamba gari lake litafanya kazi hiyo, hata kwa miezi michache, aieleze kampuni yake kabla na apate maandishi. Vivyo hivyo, gari liendeshwe na mwenye leseni halali ya daraja linalohusika, kwani kumpa funguo asiye na leseni ni miongoni mwa sababu za kawaida za madai kukataliwa.

Gari linalovushwa bahari

Magari mengi huvuka kati ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam kwa meli. Si kila mkataba wa bima ya gari unaogusa hasara inayotokea gari likiwa melini au wakati wa kupakiwa na kushushwa. Mwenye gari aulize swali hilo kwa maandishi kabla ya safari na, ikibidi, akate bima ya mizigo kwa safari hiyo moja. Gharama ya bima ya safari moja ni ndogo ukilinganisha na kuchukua nyongeza ya mwaka mzima isiyotumika. Kwa anayekusudia kuendesha hadi Kenya au nchi nyingine jirani iliyomo katika mpango wa kadi ya njano ya COMESA, kadi hiyo ndiyo inayotambuliwa kuwa ni kinga ya mtu wa tatu nje ya mipaka.

Takaful

Kwa wananchi wanaotaka huduma inayofuata misingi ya Kiislamu, ipo bima ya takaful, ambayo hutolewa pia na Shirika la Bima la Zanzibar. Katika mfumo huo washiriki huchangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana, na ziada inayobaki baada ya kulipa madai inaweza kurejeshwa kwao kwa mujibu wa mkataba. Masharti ya thamani, matumizi ya gari na utoaji wa taarifa huzingatiwa kama katika bima nyengine.

Nafuu zisizo nafuu

TIRA huweka viwango vya chini vya ada. Kwa hiyo, mtu anayeuza bima kwa bei iliyo chini mno kuliko ya wengine wote anapaswa kutiliwa shaka. Kwa sasa stika za bima ni za kielektroniki, na mwananchi anaweza kuhakiki uhalali wake kupitia mfumo wa TIRA kwa kutumia namba ya usajili wa gari au namba ya stika. Uhakiki huo ufanyike siku ile ile ya malipo, si siku ya ajali. Malipo yafanyike kwa kampuni au kwa wakala aliyesajiliwa, na risiti ihifadhiwe. Ikumbukwe pia kwamba bima haianzi kwa ahadi, kwani kinga huanza pale ada inapolipwa.

Anayenunua gari lililotumika asitegemee stika iliyobandikwa kiooni. Mkataba ulikuwa wa mmiliki wa zamani, hivyo mnunuzi awasiliane na kampuni mara moja ili bima iandikwe kwa jina lake au akate mpya.

Ajali inapotokea

Bima iliyolipiwa vizuri inaweza kupotea kwa saa chache za uzembe baada ya ajali. Dereva asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa Polisi. Majeruhi apatiwe fomu ya Polisi namba 3 kwa ajili ya matibabu. Picha za eneo, namba za vyombo vilivyohusika na majina ya mashahidi vichukuliwe mapema. Dereva asikubali kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuwasiliana na kampuni yake, na asipeleke gari gereji kabla halijakaguliwa. Taarifa ya madai itolewe ndani ya muda uliotajwa katika mkataba.

Mteja asiyeridhika na uamuzi wa kampuni aandike malalamiko kwa kampuni hiyo kwanza. Asipopata ufumbuzi, anaweza kuyafikisha TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye huduma yake haina malipo kwa mlalamikaji.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla ya kuweka saini, mmiliki wa gari anashauriwa kupata majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi:

1. Gari limeandikwa kwa thamani gani, na nani aliyeikadiria?
2. Matumizi yaliyoandikwa ni ya binafsi, abiria au mizigo?
3. Nani anaruhusiwa kuliendesha?
4. Mteja atabeba kiasi gani cha hasara?
5. Fidia ya mali ya mtu wa tatu ina ukomo gani?
6. Je, dereva mwenyewe ana kinga akiumia, au inahitajika bima ya ajali binafsi?
7. Punguzo la kutodai ni kiasi gani, na linapotea lini?
8. Taarifa ya ajali itolewe ndani ya siku ngapi, na katika ofisi ipi ya Pemba?

Wakaazi wa Wesha na shehia nyengine za Wilaya ya Chake Chake wanaweza kupata maelezo zaidi katika ofisi za makampuni ya bima na mawakala waliosajiliwa mjini Chake Chake. Wanapokwenda, wachukue kadi ya gari, leseni ya dereva na hati ya bima ya mwaka uliopita, ili thamani, matumizi na punguzo viweze kupitiwa upya kabla ya bima ya sasa kumaliza muda wake.